Mti wa Krismasi unakauka sebuleni, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Niko Lanet, Nakuru. Wiki jana nilinunua tawi kubwa la saiprasi kando ya barabara, tukalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga sebuleni, karibu na tivii. Watoto wamefurahi ajabu. Shida ni kwamba limeanza kupukutika. Ukilipitishia mkono, vijani vinabaki kiganjani vikavu kama majani chai.

Juzi usiku nikasikia harufu ya plastiki ikiungua. Kugusa waya wa taa pale unapoingia kwenye ekstenshoni, moto! Na ekstenshoni hiyo hiyo ndiyo imebeba tivii, dikoda na chaja za simu za nyumba nzima. Nilichomoa kila kitu na bado usingizi haukuja. Sisi tuliokulia mashambani tunajua saiprasi kavu inavyolipuka jikoni.

Sasa mama watoto anasema stima ikipotea tuwashe mishumaa pale mtini, eti ipendeze. Hapo nimekataa kabisa.

Wenye uzoefu, nikikata kipande kidogo cha shina chini na kulitia kwenye maji badala ya mchanga, bado litanywa ama nimechelewa? Taa za LED kweli hazipati joto kama zile za balbu za zamani? Na ninunue kizimamoto kidogo cha poda, ama ndoo ya mchanga inatosha? Zimebaki siku 9, na wageni 11 wanatoka Kakamega, wengine watalala hapo hapo sebuleni.