Kaunta ya wageni kwenye tovuti ya biashara: ionekane, ifichwe au isiwepo?

FundiTovuti (Dar es Salaam)

Wakuu habari za jioni. Namalizia tovuti ya karakana ya fenicha hapa Keko. Vitanda, makabati, meza za chakula. Picha zimetoka vizuri, bei zipo, kitufe cha WhatsApp kipo. Mwenye karakana, mzee ninayemheshimu sana, ameng'ang'ania jambo moja: anataka kaunta ya wageni chini ya ukurasa, yaani namba inayoonyesha tovuti imetembelewa mara ngapi, kama aliyoiona kwenye tovuti ya halmashauri yake. Anasema mteja akikuta watu wengi wameshapita hapo ataingiwa na imani.

Mimi naona itaishusha tovuti. Ila siwezi kumwendea mtu anayenilipa na neno "ya kizamani" peke yake, hiyo si hoja. Nimeweka mezani njia nne:

1. Kaunta inayoonekana kila ukurasa
2. Idadi ya waliotazama kila bidhaa
3. Takwimu za ndani anazoziona mwenyewe tu, kwa programu za takwimu za tovuti kama Google Analytics au Matomo
4. Kutohesabu kabisa

Mngechagua ipi, na kwa nini?

mwanapwani_tz

Ya tatu. Anayetafuta kitanda anataka kujua mbao ni mninga au mkongo, kitakuwa tayari lini, na usafiri ni juu ya nani. Idadi ya waliopita haimjibu hata swali moja kati ya hayo. Halafu tovuti ni mpya. Wiki ya kwanza kaunta itasoma 40, na nusu ni wewe na mzee mkiikagua.

Kisima cha Data

Mkuu, hoja ya kumpelekea mzee ipo, na inaanzia kule kaunta zilikotoka.

Miaka ya 1990 mtu aliyejenga ukurasa wake hakuwa na njia rahisi ya kujua kama unasomwa. Kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, zilikuwa mikononi mwa mwenye seva. Kwa hiyo watu walibandika kaunta: programu ndogo kwenye seva iliyosoma namba kutoka faili, ikaongeza moja, ikarudisha picha yenye tarakimu. Kurasa za GeoCities, huduma ya kujitengenezea ukurasa bure, iliyoanza 1994 na kununuliwa na Yahoo 1999, zilijaa vitu hivyo. Kwa wakati ule kaunta ilikuwa ndicho chombo rahisi alichonacho mwenye ukurasa. Haikuwekwa kama pambo.

Google Analytics ilipokuja 2005, bila malipo, kazi hiyo ilihamia nyuma ya pazia. GeoCities yenyewe ilifungwa 2009. Kaunta iliyobaki mbele ya wageni ikawa haina kazi ya kipimo tena, imebaki tangazo tu. Na ni tangazo lisiloaminika, kwa sababu mbili. Kwanza, kaunta nyingi zilimruhusu mwenye tovuti kuchagua namba ya kuanzia, ukitaka uanze na 50,000 unaanza. Pili, za aina ya kawaida huhesabu ukurasa unavyofunguka, hazihesabu watu. Mtu mmoja akifungua upya mara kumi ni "wageni" kumi. Roboti wa injini za utafutaji, yaani programu za Google na wenzake zinazopitia kurasa, nao wamo humo humo.

Msomaji wa leo huenda hazijui sababu hizi, lakini ameshaona namba za uongo za kutosha mtandaoni. Mzee anatafuta imani, na kifaa alichochagua ndicho kinachoipunguza.

TEHAMA_Wilayani

Naomba nitofautiane kidogo. Mimi niko kwenye kitengo cha TEHAMA cha halmashauri moja, na kaunta zetu chini ya ukurasa hazinipi aibu. Tovuti ya umma imejengwa kwa fedha za umma. Mwananchi na diwani wana haki ya kuona kama inasomwa au imekaa tu. Huko huwezi kusema takwimu ni siri ya mwenye duka.

Kwa karakana ya fenicha nakubaliana nanyi, njia ya tatu. Ila msiseme kwa ujumla kwamba kaunta ni ushamba. Inategemea nani anadaiwa maelezo.

Kisima cha Data

@TEHAMA_Wilayani hoja yako ya uwajibikaji naikubali kwa moyo wote, ndiyo maana nataka ifanyiwe haki. Jumla iliyorundikana tangu tovuti ianze haimsaidii diwani. Inaongezeka tu, hata mwezi ambao hakuna aliyesoma kitu cha maana. Wikipedia inafanya vizuri zaidi: huoni kaunta chini ya makala, lakini takwimu za kila makala ziko wazi kwenye ukurasa wake maalumu, siku kwa siku, yeyote anaweza kuzifungua. Hata programu ya MediaWiki inayoiendesha iliondolewa kaunta ya asili katika toleo la 1.25, mwaka 2015. Halmashauri ikiweka ukurasa mmoja unaosema tangazo la zabuni limesomwa mara ngapi mwezi huu na bajeti imepakuliwa mara ngapi, huo ndio uwajibikaji.

TEHAMA_Wilayani

Ukurasa maalumu nitaupeleka kwa wenzangu. Kaunta sitaiondoa kabla huo haujawa tayari, maana kidogo kilichopo ni bora kuliko kufunga kabisa.

Bahari_Msa (Mombasa)

Ndugu zangu, mnaongea sana kuhusu sura, na mimi ningependa tuangalie vile kitu chenyewe hufanya kazi, hasa huku kwetu.

Wageni wengi wataingia kwa simu, kwa data ya mtandao wa simu. Kampuni za simu hupitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, ile namba inayotambulisha kifaa mtandaoni. Kaunta inayotofautisha watu kwa IP itaona umati kama mtu mmoja. Kesho simu ile ile inapewa anwani nyingine, inahesabiwa mgeni mpya. Makosa ya pande mbili, na hayafutani.

Kama tovuti inatumia kache, yaani nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa tayari, ukurasa hutolewa bila kugusa programu inayohesabu. Kaunta ya upande wa seva inaganda hapo hapo.

Kaunta za bure za kubandika ndizo mbaya zaidi. Unaweka skripti (kipande cha programu) ya mtu usiyemjua kwenye tovuti ya mteja wako. Inakula bando la msomaji, na seva yao ikilala ukurasa wako unaweza kukwama ukisubiri. Baadhi zimebeba viungo vya matangazo ndani yake. Google katika miongozo yake dhidi ya viungo taka ilitoa mfano wa jambo hili hili: kaunta yenye maandishi "wageni wa ukurasa huu: 1,472" na pembeni kiungo cha bima ya magari. Fikiria mzee anauza vitanda na tovuti yake inasukuma bima ya mtu mwingine!

Kisha kuna sheria. Anwani ya IP ya mgeni inakwenda kwa mtu wa tatu. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nyinyi mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwenye duka mdogo pia aweze kueleza data ya wateja wake inakwenda wapi. Kwa sababu hiyo ningechukua Matomo kwenye seva yako mwenyewe. Inaweza kufanya kazi hata bila vidakuzi (cookies), yaani vijifaili vinavyowekwa kwenye simu ya mgeni ili atambuliwe akirudi.

kalamu_ya_Moro

Njia ya pili msiitupe haraka. Nina blogu ya habari za kilimo kwenye Blogger, na idadi ya waliosoma kila makala inasaidia. Msomaji akikuta makala ishirini za mahindi anaanza na ile iliyosomwa sana. Anayetaka kuweka tangazo naye anauliza hiyo hiyo. Kwenye habari, namba inamsaidia mtu kuchagua.

mwanapwani_tz

Sawa kwa makala. Kwa kabati inamtia mtu shaka. "Limetazamwa mara 900", na bado lipo dukani? Mimi ningeuliza lina kasoro gani.

FundiTovuti

Hoja ya kabati sikuwa nimeifikiria, asante. Sasa nisaidieni upande wa mzee. Nikimnyima kaunta nimpe nini mahali pake? Imani anayoitafuta ni ya kweli, si ubishi wa bure.

Mama Karakana

Mwanangu, mimi nauza samani Mbeya, sina ufundi wa kompyuta. Wateja wangu wa mbali wananiuliza vitu vitatu kabla ya kutuma fedha: uko wapi hasa, umeanza lini, na nionyeshe kazi uliyompelekea mtu mwingine. Weka ramani ya karakana, mwaka aliofungua, na picha za vitanda vikiwa nyumbani kwa waliovinunua, kwa ruhusa yao. Picha ya fundi akiwa kazini pia, watu wanapenda kuona mikono iliyotengeneza. Na huyo mzee mpe namba zake kila wiki kwenye simu. Mtu akifungua biashara anataka kujua kama mlango unagongwa. Usimwachie giza.

FundiTovuti

Shikamoo mama, na asante sana. Nimekaa na mzee leo. Hoja ya namba ya kuanzia kuchaguliwa ndiyo iliyomgusa, akasema hataki kitu ambacho hata jirani yake anaweza kukidanganya. Kaunta imeondoka. Picha za nyumbani kwa wateja ameanza kuomba ruhusa mwenyewe kwa simu. Anataka ripoti kila Jumatatu asubuhi, fupi, kwa WhatsApp. Naweka Matomo. Mnashauri nimtumie namba zipi?

Bahari_Msa

Tatu tu. Wageni wa wiki, bidhaa tano zilizofunguliwa zaidi, na mara ngapi kitufe cha WhatsApp kimebonyezwa. Hiyo ya mwisho Matomo huweza kuihesabu kama kiungo cha nje, ila ni bora ukisajili kitufe kama tukio (event), yaani kitendo cha mgeni kinachohesabiwa peke yake. Ukiweza, tenganisha kitufe cha kila bidhaa, ili mzee ajue watu wanaulizia vitanda au meza kabla hajanunua mbao.

Kisima cha Data

Na uzuie ziara zako na za mzee zisihesabiwe tangu siku ya kwanza. Matomo ina sehemu ya kufanya hivyo kwenye mipangilio. Kwa tovuti changa, ninyi wawili mnatosha kuiharibu ripoti yote.