Hivi ukitangaza kufilisika, deni la ada ya chuo nalo linafutwa? Nimekwama wakuu

Kijana wa Katonga (mleta uzi)
Wakuu habari za majukumu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nilimaliza chuo 2023, shahada ya ualimu, chuo binafsi, jina naliweka kando. Bodi ya Mikopo ilinilipia sehemu ya ada, iliyobaki nilitakiwa kujazia mwenyewe. Sikumaliza. Mpaka leo nadaiwa 3,850,000. Fomu yangu ya klirensi imegongwa mihuri yote, maktaba, bweni, hadi idara ya michezo ambayo sijawahi kuigusa. Kimebaki kisanduku kimoja cha mhasibu, kiko wazi kama pengo la jino. Bila muhuri ule hakuna cheti wala transkripti, na nafasi za ualimu zikitangazwa naishia kuzisoma tu.

Kuna mtu kaniambia ukienda mahakamani ukatangaza umefilisika, madeni yanafutwa unaanza upya. Nimekaa nimefikiri, naona ndiyo njia. Mali sina. Swali langu ni moja: deni la ada nalo linaingia humo? Wenye uelewa tu, matusi sitaki.

Mzee wa Gungu
Kufilisika ni kwa mtu aliyewahi kuwa nazo. Wewe umefilisika lini wakati hata kutajirika hujaanza?

Mlipa Deni
Pole sana mdogo wangu. Mimi Bodi wananikata asilimia 15 ya mshahara tangu niajiriwe. Na sisi wa zamani tulikuwa na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, unalipa mwaka mzima, ukiomba taarifa unakuta deni limenenepa. Mama Samia alipoifuta Mei Mosi 2021 pale Mwanza nilichinja jogoo, majirani wakadhani nimepata mtoto. Wewe hata miaka mitatu hujatembea na deni unataka ufutiwe lote. Vumilia kwanza.

Kijana wa Katonga
Mkuu, hili siyo la Bodi. La Bodi liko palepale linanisubiri. Hili nadaiwa na chuo chenyewe.

Binti Ujiji
Mimi nilisomeshwa kwa mawese. Mama alikuwa anakamua, anajaza madumu, anapanda nayo gari mpaka stesheni kuuzia abiria wa treni. Alikuwa anakwenda benki kulipa ada bila hata kunawa vizuri, na mpaka leo ninazo stakabadhi zenye alama za vidole vyake, rangi ya chungwa haijatoka. Kwa hiyo ukiniambia habari ya kufuta ada mimi nashindwa hata kukuelewa. Kuna mtu mahali fulani alikamua.

Mha wa Ohio
Habari zenu huko Kigoma, mwisho wa reli. Mimi nilitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa niko Columbus. Huku Marekani jambo hili lipo na lina majibu. Mkopo wa elimu haufutwi kirahisi ukifilisika. Lazima uithibitishie mahakama kwamba kuulipa kutakutesa kupita kiasi, na mahakama nyingi zinatumia kipimo kilichotoka kwenye kesi ya Brunner ya 1987: ukilipa huwezi kumudu hata maisha ya kawaida, hali hiyo itaendelea, na umejitahidi kulipa kwa nia njema. Wengi wanaanguka hapo.

LAKINI ada uliyobakiza tu, yaani umesoma, hukulipa, na hapakuwa na makubaliano yoyote ya kukukopesha, hiyo siyo mkopo. Kuna kesi ya chuo cha Cazenovia, New York, iliamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2000. Walisema kumruhusu mtu aendelee kukaa darasani huku anadaiwa siyo kumkopesha, hivyo deni likafutika kama la duka. (Chuo chenyewe nacho kilikuja kufungwa 2023 kwa ukata. Hela haina mwenyewe.)

Kijana wa Katonga
Mkuu Mungu akubariki!! Nilijua tu. Yangu ni hiyohiyo ya kubakiza, hapakuwa na mkopo. Niliandika tu barua ya kuahidi kulipa ili niruhusiwe kufanya mtihani. Basi wiki ijayo naenda mahakamani. Samahanini nilichelewa kujibu, usiku nilikuwa mwaloni Kibirizi tunapakua dagaa.

Mwanasheria wa Mtaa
Kijana, shuka kwanza kwenye hiyo ndege ya Ohio. Kesi ya New York haimfungi jaji wa Kigoma. Sisi tuna sheria yetu ya kufilisika, Sura ya 25, na maombi yake yanapelekwa Mahakama Kuu, siyo mahakama ya mwanzo ulikozoea kupeleka kesi za mbuzi. RITA mnaijua kwa vyeti vya kuzaliwa, lakini kirefu chake ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ile U ya katikati ndiyo hii sasa.

Ukiingia huko unaandika kwa kiapo kila unachomiliki na kila unayemdai na anayekudai. Mali inakusanywa, wadai wanagawana. Baada ya hapo ndipo unaomba mahakama ikuachilie, nayo inaweza kukubali, kukataa au kukupa masharti. Deni ulilolipata kwa udanganyifu halikuachi hata ukiachiliwa. Na kabla hujaachiliwa huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Yote hayo kwa milioni tatu na ushei, wakati wakili peke yake anaweza kukugharimu robo ya deni.

Halafu jiulize hili: deni likifutwa, nani kakwambia mhasibu atagonga muhuri? Shida yako ni cheti. Sasa nijibu mimi. Hiyo ada ya kujazia, nyumbani walikuwa hawatumi?

Kijana wa Katonga
Walikuwa wanatuma lakini hali ilikuwa ngumu. Tusiende mbali na mada wakuu. Mimi nauliza sheria.

Mzee wa Gungu
Walikuwa wanatuma. Haya, tumefika.

Mwanasheria wa Mtaa
Walituma kiasi gani?

Kijana wa Katonga
Sawa. Mama alituma yote. Aliuza michikichi yetu ya Mwandiga. Lakini msinihukumu kabla hamjasikia. Nilikuwa na rafiki ana mtumbwi, hana injini. Tukakubaliana nitie hela ya injini, tunagawana nusu kwa nusu, ndani ya miezi minne ada yote imerudi na faida juu. Na hesabu ilikuwa inakubali, siyo kamari. Mwanzoni tulipata. Kisha wavu ukachanika, tukashona, ukachanika tena. Halafu 2024 ziwa likafungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, wavuvi wote wa Tanganyika tukakaa nchi kavu miezi mitatu tukiangalia maji. Hilo nalo nililipanga mimi?

Mlipa Deni
Mzee, ulikula ada.

Kijana wa Katonga
Sikula. Niliwekeza.

Mwanasheria wa Mtaa
Subiri. Ulisema mali huna. Injini iko wapi?

Kijana wa Katonga
Ipo, inafanya kazi. Ila siyo yangu. Mwezi uliopita tuliandikishana karatasi na yule rafiki mbele ya mjumbe, nusu yangu nikaiweka jina la mama. Na ukiangalia ni haki, hela ilikuwa yake. Mimi naona nimemrudishia.

Mwanasheria wa Mtaa
Ndiyo maana nilikuuliza. Mtu anayejiandaa kufilisika akihamisha mali kwa ndugu, mahakama ina uwezo wa kuirudisha mezani. Na wewe utakuwa umeapa kwamba huna kitu. Unatoka na deni la ada unaingia kwenye kosa la jinai, na jina la mama yako limo kwenye karatasi. Chana hiyo karatasi, muuzie mwenzako nusu yako, nenda kwa mhasibu na chochote mkononi uombe kulipa kwa awamu.

Kijana wa Katonga
Nikiuza nusu yangu nitakula nini huku nikisubiri ajira? Mnashauri kama vile tumbo nalo limefungwa kwa agizo la serikali.

Kapteni Karabai
Nimesoma kimyakimya ila sasa nimeshindwa. Hii ni CHAI, stori ya kutunga. Jamaa anasema juzi usiku alikuwa Kibirizi anapakua dagaa. Mimi nina miaka kumi na tisa ziwani. Juzi mwezi ulikuwa mpevu, unaweza kusoma gazeti ufukweni. Dagaa wanafuata taa gizani, mbalamwezi ikiwaka hakuna anayesukuma mtumbwi, tunashona nyavu na kulala. Wewe ulipakua dagaa gani? Wa plastiki?

Mzee wa Gungu
Weka sukari, tunywe.

Mlipa Deni
Nilihisi tu! Na chuo binafsi kipi kinakuachia ufanye mtihani wa mwisho na deni la milioni tatu? Sisi tulikuwa tunarudishwa mlangoni kwa elfu hamsini, kalamu ziko mkononi.

Mha wa Ohio
Aisee nami nimepoteza saa nzima kumwandikia. Huku ni usiku wa manane.

Binti Ujiji
Kuna uzi kama huu niliwahi kuusoma, ila yule alikuwa wa Tabora na ada iliingia kwenye tumbaku. Maneno karibu yaleyale.

Kijana wa Katonga
Kapteni, sikusema tumevua. Nimesema tumepakua. Ulikuwa mzigo mkavu, magunia ya dagaa kutoka Kagunga, boti iliharibikia njiani ikafika saa sita usiku. Mwezi ukiwaka sivui, nabeba. Gunia kwa gunia nalipwa. Ndiyo kazi ya mwenye shahada.

Kapteni Karabai
Magunia ya Kagunga… Boti iliyoharibikia njiani naijua. Injini yenu ni ya ukubwa gani?

Kijana wa Katonga
Yamaha, 40. Kifuniko kimepasuka upande wa kushoto, tumefunga na mpira wa baiskeli.

Kapteni Karabai
Mh. Nimeiona hiyo. Naondoa chai yangu. Lakini kama ni ileile, mwenzako anaitafutia mteja tangu wiki iliyopita. Aliniuliza hata mimi. Nzima, siyo nusu.

Mwanasheria wa Mtaa
Kijana?

Mzee wa Gungu
Wakati mnamsubiri, Kapteni, dagaa wa Kagunga gunia linakwendaje sasa hivi? Nina harusi.

Kapteni Karabai
Njoo Kibirizi asubuhi, bei ya mtandaoni siitaji.

Kijana wa Katonga
Nimempigia hapokei. Naenda kwake sasa hivi.

Binti Ujiji
Kabla hujaenda mdogo wangu. Hiyo karatasi iliyoandikwa jina la mama, yeye mwenyewe anaijua?

Kijana wa Katonga
Hajui.

Binti Ujiji
Na la cheti?

Kijana wa Katonga
Siku ya mahafali niliazima joho la mtu nikapiga picha. Mama ameitengenezea fremu. Iko ukutani, pale ilipokuwa kalenda.