Binti anataka kusomea filamu Marekani: chuo kidogo cha sanaa huria au shule ya filamu?

MamaRehema:
Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, maana jambo hili linaninyima usingizi. Binti yangu amemaliza sekondari na anataka kusomea filamu Marekani. Habahatishi. Mwaka jana alimrekodi bibi yake akishona, kwa simu tu, filamu ya dakika nne, akaihariri upya mara kumi na moja kwa sababu sauti ya mkasi ilikuwa inautangulia mkono.

Mwalimu wake anashauri aende shule ya filamu moja kwa moja, mfano zile za vyuo vikuu vya USC (Los Angeles) au NYU (New York). Mwenyewe anapenda vile vyuo vidogo vya sanaa huria, ambako mtu husoma masomo ya aina nyingi pamoja na fani yake, kwa kuwa anapenda historia pia na hataki kuiacha. Ameandika Wesleyan, Vassar na Bard. Mimi na baba yake hatuwezi kulipa hata robo ya ada. Tuanzie wapi?

MharirWaUsiku:
Shikamoo mama. Mimi ni mhariri wa filamu, nilisoma chuo kidogo cha aina hiyo. Shule za filamu nyingi hutoa BFA, yaani shahada ya kwanza ya sanaa za ubunifu, ambapo karibu theluthi mbili ya masomo ni ya fani yenyewe. Chuo cha sanaa huria hutoa BA, shahada ya kwanza ya kawaida: filamu huchukua kama theluthi moja, kwingine anasoma historia yake, lugha, chochote. Kwa mtoto unayemweleza, mimi ningekwenda na BA.

Ila msiamini picha za kwenye tovuti. Chuoni kwangu, sitakitaja jina, tulikuta kamera mbili nzuri kwa wanafunzi thelathini, na wa mwaka wa nne ndio waliozishika zaidi. Mimi niliigusa mwaka wa tatu. Kwa hiyo mwandikieni mkuu wa idara mumuulize: mwanafunzi wa mwaka wa pili anaazimwa kifaa gani, na kwa siku ngapi? Kisha tafuteni filamu za kuhitimu za wanafunzi wao mzitazame. Halafu zirudieni mkiwa mmefumba macho, msikilize tu. Picha nzuri hata simu inatoa. Mazungumzo yakisikika safi, hatua za miguu zikikaa mahali pake, jueni hapo pana mtu anayefundisha kwa kweli. Binti aliyehangaikia sauti ya mkasi atalitambua hilo kabla yenu.

Mzee_wa_Taa:
Mama, mimi namuunga mkono mwalimu. Filamu haitengenezwi na mtu mmoja. Shule ya filamu inampa mpiga picha, mtu wa sauti na mwandishi darasa moja, na hao ndio atakaofanya nao kazi miaka ishirini. USC inafundisha filamu tangu 1929 na iko Los Angeles kwenyewe. Chuo kidogo kinaweza kuwa na watu kumi tu wa fani hiyo.

DadaNuru:
Mzee, hoja yako ya wenzake ina uzito. Ila kwa familia isiyoweza kulipa, pesa ndiyo inaamua, na hapo vyuo vidogo vinashinda.

Mama, Wesleyan na Vassar huangalia uwezo wa kulipa wanapompokea mwanafunzi wa nje, kwa hiyo ushindani ni mkali. Lakini wakishampokea, hufidia pengo lote kati ya gharama na kile familia inachoweza kulipa, kwa hesabu yao. Kwenye orodha ongezeni Amherst: wao hawaangalii uwezo wa kulipa wakati wa kuchagua, hata kwa mgeni, na wakimpokea wanafidia upungufu. Tena Amherst imo kwenye umoja wa vyuo jirani, pamoja na Smith, Mount Holyoke na UMass Amherst, ambacho ni chuo kikuu cha umma. Mwanafunzi wa kimoja anaruhusiwa kusoma kozi za vingine, na basi linazunguka kati ya vyuo hivyo. Hofu ya Mzee ya watu kumi inapungua hapo.

Tabia za vyuo hivyo pia zinatofautiana. Wesleyan wanafunzi hawaingii kwenye fani ya filamu siku ya kwanza. Wanaomba mwaka wa pili, baada ya kozi za msingi, na historia ya filamu ina uzito mkubwa. Chuo kina hifadhi ya nyaraka za waongozaji Frank Capra na Elia Kazan, na mwigizaji Ingrid Bergman. Mtoto anayependa historia atafurahi sana pale. Bard wameegemea filamu za majaribio, zile zisizofuata mtindo wa kawaida wa kusimulia, nao wana mchujo mwaka wa pili, na kila mwanafunzi hufunga masomo kwa kazi kubwa ya mwaka mzima.

MamaRehema:
Asanteni mno. Amherst hatukuifikiria kabisa. Rafiki yake kamwambia aombe mapema kwa ule mpango wa Early Decision ili apate nafasi kirahisi. Ni kweli?

DadaNuru:
Mpango huo unafunga, mama. Akipokelewa anatakiwa kwenda, na maombi mengine anayafuta. Anaweza kujitoa kama msaada wa fedha hautoshi, ila hatakuwa na barua ya chuo kingine ya kulinganisha. Autumie kwa chuo kimoja tu ambacho amekipenda kweli, na fomu za fedha mzijaze kabla, wewe na baba yake mkiwa mmekaa pamoja na karatasi za mishahara mbele yenu.

MharirWaUsiku:
Na ile filamu ya bibi aitume kama kazi ya mfano, pale chuo kinapopokea. Asiirefushe.