Naomba ushauri: Great Glen kwa miguu na goti bovu

Habari zenu wakuu. Mimi na dada yangu tunapanga kutembea bonde la Great Glen huko Uskoti, kutoka Fort William hadi Inverness, kama kilomita 125 hivi. Tumechagua Mei ili tuwahi kabla usubi wa kiangazi haujachachamaa.

Mwanzo haunitishi, njia ni tambarare kandokando ya mfereji wa Caledonian. Kinachoninyima usingizi ni kipande cha mwisho, Drumnadrochit hadi Inverness: karibu kilomita 30 kwa siku moja, na dada ana goti bovu. Kushuka mteremko ndiko kunakomuumiza zaidi. Nimejaribu kukigawa mara mbili lakini malazi ya katikati sijapata, na hema hataki hata kulisikia. Kwenye mazoezi tulitembea kilomita 20 na mikoba mgongoni, akaishia kuchechemea.

Mliowahi kupita, kwa goti kama hilo, baada ya kijiji cha Fort Augustus, kilicho katikati ya safari, tushike njia ya chini msituni au ya juu yenye mandhari ya ziwa la Loch Ness? Na siku ya mwisho mlitembea yote, au mlipanda gari kwa sehemu?

Natanguliza shukrani.