Corolla na Prizm zilitoka tumbo moja, moja ikaitwa malkia nyingine ikaitwa mkebe

Wakuu, salaam. Hii nimeibeba tangu Jumamosi na leo imenifika shingoni. Wasimamizi msiupeleke uzi huu kule kwenye matangazo, siuzi gari. Nilitaka kuuza, na ndiko balaa lilikoanzia.

Nipo Lansing, Michigan. Gari langu ni Buick Enclave la 2014, la Kimarekani, la kampuni ya General Motors (GM), viti safu tatu, watoto wanne wanaingia na mabegi yao na bibi yao akija bado anapata pa kukaa. Limetembea maili 128,000. Nimebadilisha matairi, breki, betri, na oili kwa wakati wake. Nikalipeleka yadi moja, jina nawahifadhia, niwaachie hilo niongeze hela nichukue jipya kidogo. Kijana wa kukadiria bei akalizunguka mara moja, mikono mfukoni. Boneti hakufungua. Injini hakuwasha. Akarudi na bei ya kunifukuza.

Nyuma yangu alikuwepo dada mmoja na gari la Kijapani la mwaka uleule, safu tatu vilevile, maili nyingi kuliko zangu, bampa la nyuma limeshikiliwa na selotepu. Yule akapewa dola 3,500 juu ya bei yangu, nasikia kwa masikio haya. Nikauliza kulikoni. Kijana hata hakuona aibu: "Soko tu. Watu wanaliamini lile."

Watu wanaliamini. Na nani aliwaambia waliamini?

Kabla hamjanirushia mawe, kaeni kitako niwape kisa cha Fremont, California. GM walikuwa na kiwanda pale, kikawashinda, wakakifunga 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa mwanzo, wale waliokuwa wanasifika kwa utoro na ugomvi. Mjapani akaleta utaratibu wake: mtu yeyote kwenye laini akiona kasoro anavuta kamba, na ikibidi kazi inasimama hadi kasoro iondoke. Watu walewale waliotukanwa wakaanza kutoa magari safi.

Kwenye laini hiyo moja zilipita Toyota Corolla na pacha wake wa GM, Geo Prizm, ambayo baadaye ikaitwa Chevrolet Prizm (Geo na Chevrolet zote ni chata za GM). Injini ya Toyota. Mifupa ya Toyota. Nati zimekazwa na mkono uleule, zamu ileile, kabla ya chakula cha mchana kilekile. Tofauti ilikuwa nembo, taa, na urembo wa hapa na pale. Prizm ikauzwa kwa bei ndogo kuliko Corolla, na bado watu wakaikimbia. Ikishatumika miaka kadhaa, bei yake ikawa inaporomoka huku ya pacha wake imesimama imara. Mwaka 2002 Prizm ikazikwa. Corolla mnaiona mpaka leo.

Sasa nani ataniambia pale watu walikuwa wananunua gari? Walinunua herufi zilizobandikwa kwenye buti.

Na hapa niseme jambo linaloniharibia hoja yangu mwenyewe. Waandishi wa magari walilisema hili. Waliandika kwamba mwenye akili achukue Prizm, abaki na chenji. Hakuna aliyewasikia! Habari mbaya ya Detroit, yaani ya magari ya Kimarekani, ikiingia sikioni inajenga nyumba na kuzaa watoto humo. Habari njema inapita kama muuza karanga kwenye dirisha la basi.

Habari mbaya yenyewe nayo wakati mwingine imepikwa. Novemba 1992, kipindi cha Dateline cha televisheni ya NBC kilirusha taarifa kuhusu pikapu za GM ambazo matangi yake ya mafuta yalikaa pembeni, nje ya fremu. Wakaonyesha pikapu inagongwa ubavuni na moto unalipuka. Nchi nzima ikaona. Ambacho nchi haikuambiwa ni kwamba waliofanya jaribio walikuwa wamefunga chini ya pikapu viroketi vya kuchezea watoto, viwashwe ili moto usikose. GM wakayasaka yale mabaki mpaka wakayapata, wakafungua kesi Februari 1993. Kesho yake watangazaji wakakaa mbele ya kamera wakasoma maneno ya kuomba radhi. Mkuu wa NBC News, Michael Gartner, akaachia ngazi.

Matangi yale kweli yalikuwa na maneno. Watu waliungua, familia zilikwenda mahakamani, na mwaka 1994 GM walikubaliana na serikali kutoa zaidi ya dola milioni 50 kwa programu za usalama. Ndiyo maana nakasirika mara mbili. Kama una kesi nzuri kiasi hicho, kiberiti cha nini?

(Wenye Audi mnaweza kukaa upande wangu katika hili. Mwaka 1986 televisheni ya CBS iliwapaka matope kwamba Audi 5000 inakimbia yenyewe. Serikali ikachunguza, 1989 ikasema kwa sehemu kubwa ni madereva waliokanyaga pedali isiyo sahihi. Mauzo yalishakufa.)

Halafu 2008. Hapa ndipo jirani yangu, mzee mstaafu wa kiwandani, akianza kuongea huwa naweka simu chini. Mwezi Novemba wakuu wa GM, Ford na Chrysler walikwenda Washington kuomba mkopo, kila mmoja na ndege yake ya kampuni. Ulikuwa upumbavu, sibishi. Unakwendaje kuomba unga umevaa dhahabu? Wakachekwa wiki nzima, safari iliyofuata wakaenda kwa magari yao. Sawa. Lakini mwezi mmoja tu nyuma Bunge lilikuwa limepitisha dola bilioni 700 kuokoa mabenki, na sikumbuki mwandishi aliyewasimamisha wale wa benki kuwauliza wamefika kwa usafiri gani.

Kilichomuua mzee wa watu ni ile namba. Dola 70 kwa saa. Kila televisheni, kila gazeti: mfunga nati wa Detroit analipwa dola 70 kwa saa, ndiyo maana kampuni inakufa. Mshahara wenyewe ulikuwa kama dola 28. Hizo nyingine zilikuwa bima, marupurupu, pamoja na pensheni na matibabu ya wazee waliokwishastaafu, gharama yote ikagawanywa kwa saa za waliobaki kazini. Kumbe ukiwa na wastaafu wengi na vijana wachache, hesabu inapanda bila mtu kuongezewa senti. Na walioajiriwa chini ya mkataba wa 2007 walikuwa wanaanza na kama dola 14. Hiyo 14 haikupata kipindi. Mzee anasema hadi kanisani watu walimtazama kama mwizi wa sadaka. Na Ford, ambao hawakuchukua ule mkopo kwa sababu 2006 walishaweka rehani mali zao hadi nembo yenyewe, wakatiwa kwenye kapu lilelile.

Wahenga walishasema, ukipenda, chongo huita kengeza. Mnataka mifano? Mei 2024 Toyota waliita kama magari 102,000 yarudi, Tundra na Lexus LX, kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yalibaki ndani ya injini na injini zinaweza kufa barabarani. Gumzo nililosikia gereji: ah, bahati mbaya, wataweka injini mpya, Mjapani anasimamia kazi yake. Aprili 2025 GM wakaita karibu 600,000 za injini ya V8 ya lita 6.2. Gumzo gereji ileile, watu walewale: si tulisema? Kosa la mmoja ni ajali, la mwingine ni tabia.

Hata wale wa Consumer Reports, jarida la kupima bidhaa, ambao nawaheshimu kwa kuwa wananunua magari wanayoyapima kwa hela yao na hawachukui matangazo, mpaka vuli ya 2007 walikuwa wakipendekeza Toyota mpya ikitoka tu, kabla hawajawa na takwimu za uimara wake. Yaani mwanafunzi anapewa alama hajagusa karatasi ya mtihani, eti kaka zake walifaulu. Waliacha baada ya Camry ya V6 na Tundra ya V8 yenye kuvuta matairi yote kufanya vibaya kwenye takwimu zao. Walilitangaza wenyewe, heshima kwao. Lakini hesabuni miaka waliyokuwa wanafanya hivyo na watu waliosaini mikopo kwa kuamini ile alama.

Machi 2009, GM ikiwa inachungulia kaburi, ripoti ya J.D. Power, kampuni inayowahoji wenye magari, ya uimara wa magari yaliyotumika miaka mitatu iliwaweka Buick juu kabisa, sare na Jaguar, wakimshusha Lexus aliyekaa pale miaka 14. Mlisikia? Mwaka 2016 haohao Consumer Reports wakaiweka Buick ya tatu kwa uimara, nyuma ya Lexus na Toyota. Nayo mlisikia?

Najua mnachoandika sasa hivi. Pinto. Vega. Ndiyo, Vega ya Chevrolet ilioza kutu ikiwa bado haijalipiwa, na Pinto ya Ford, ambayo tangi lake lilishika moto ikigongwa nyuma, ilikuwa aibu, 1978 Ford wakaita milioni moja na nusu zirudi. Gia boksi ya klachi mbili ya Ford Focus na Fiesta, sina cha kutetea, waliouziwa walionewa. Na ile swichi ya kuwashia gari ya Chevrolet Cobalt, iliyoweza kuzima injini gari likiwa mwendoni, watu 124 walikufa kwa hesabu ya mfuko wa fidia wa GM wenyewe, na ndani ya kampuni wapo waliojua miaka mingi. Pale vyombo vya habari vingepiga kelele mara kumi zaidi nisingesema neno. Ila majira yaleyale, Machi 2014, Toyota walikubali kulipa serikali dola bilioni 1.2 kwa kuwadanganya wateja kuhusu magari yaliyokuwa yakiongeza mwendo yenyewe. Nendeni barazani mkaulize nani anakumbuka.

Na msinitie kwenye kundi la wale waliokuwa wanavunja magari ya Kijapani kwa nyundo. Saa moja na kitu kutoka hapa, Highland Park, 1982, Vincent Chin, kijana Mmarekani mwenye asili ya China, alipigwa kwa gongo la besiboli na wanaume wawili wa kazi za magari, akafa. Hata Mjapani hakuwa. Mahakama ya jimbo ikawapa kifungo cha nje na faini ya dola 3,000. Mapenzi ya chata yakifika hapo ni wazimu.

Ila nyie ndugu zangu wa Dar na Mombasa mliopo huku ndio mnaniua zaidi. Kule nyumbani Toyota ilikuwa akili. Spea zipo Kariakoo, fundi chini ya mwembe anaifungua amefumba macho, na magari yanashushwa bandarini kutoka Japan usukani ukiwa upande wetu. Chevrolet ungeipeleka kwa nani? Lakini hapa Lansing spea za GM zimejaa kama dagaa Mwanza! Tumeibeba ile imani kwenye begi pamoja na unga wa muhogo, tukaivusha uwanja wa ndege, na hatujawahi kuikagua.

Mwezi uliopita kwenye sendoff, shemeji yangu kanisimamisha mbele ya watu: "Shem, hili Buick ulipewa na kanisa?" Ukumbi mzima kicheko. Nimenunua kwa jasho langu, nimelipa miezi 60!

Nikamvuta nje hadi kwenye Camry yake. Nikamwambia soma ile namba ya chasisi, pale chini ya kioo cha mbele. Inaanza na 4. Langu linaanza na 5. Ikiwa 1, 4 au 5, gari limeunganishwa Marekani. 2 ni Kanada, 3 ni Mexico, J ndiyo Japan. Camry yake "halisi ya Kijapani" ni mzaliwa wa Georgetown, Kentucky, ambako wanaziunganisha tangu 1988. Langu limetoka Delta Township, hapahapa, ukienda kununua maziwa unakipita kiwanda. Akaitazama ile 4, akaitazama tena. Akasema, "Lakini roho yake ni ya Kijapani." Wakarudi ndani wanacheka, nikabaki na sahani ya pilau mkononi.

Na nisiwaonee Waswahili peke yao. Mtaani kwetu kuna jamaa ana Silverado, bendera nyuma, kibandiko cha kuwatukana wanaonunua magari ya nje. Juzi nikamwonyesha namba yake. Tatu. Imeunganishwa Silao, Mexico. Hajanisalimia hadi leo.

Enclave nimeirudisha nyumbani, yadi wabaki na bei yao. Kesho alfajiri inampeleka shemeji huyohuyo uwanja wa ndege Detroit, anasafiri na mke na watoto watatu na mabegi, na Camry imegoma kuwameza. Amenipigia mwenyewe. Hakuitaja roho ya Kijapani.