Tamasha la kahawa: tiketi ya kawaida, ya siku ya wafanyabiashara au VIP? Nataka kulipia kesho

BuniKavu
Wakuu habari za muda huu. Kuna tamasha la kahawa linakuja na kwenda naenda, hilo halina mjadala, kinachonisumbua ni tiketi. Ziko aina tatu. Ya kawaida ni Jumamosi au Jumapili unachagua. Ya Ijumaa wanaiita siku ya wafanyabiashara ila naona hata sisi wanywaji tunaruhusiwa kununua. Halafu VIP, hiyo unaingia saa nzima kabla ya wengine, unapewa mfuko wa zawadi na darasa moja la kuonja, bei yake karibu mara tatu ya ile ya kawaida. Punguzo linaisha wikiendi hii. Aliyewahi kwenda anipe ulinganisho wa kweli. Nawasilisha.

mama_espreso
Mkuu umeandika mengi ila hujatuambia kitu. Unakunywa kahawa ya aina gani? Nyumbani una vifaa au ni ile ya unga unakoroga na maji moto basi? Unaenda peke yako? Unaenda kujifunza, kunywa au kununua? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia anachokipenda yeye.

Kikombe_cha_Tatu
VIP. Ule mfuko peke yake unarudisha hela yako.

ChunguTamu
Mfuko gani unaorudisha hela? Mifuko ya matamasha naijua mimi, stika nne, vipeperushi, pakiti ya maziwa ya shayiri iliyokaribia kuisha muda, na kahawa kidogo ambayo ukishamaliza kuiseti grainda yako (mashine ya kusagia buni) na yenyewe imekwisha.

Kikombe_cha_Tatu
Labda wewe ulienda matamasha ya bure.

FundiMeno
Ijumaa bila kufikiria mara mbili. Siku ya wafanyabiashara watu ni wachache, na wale wa kwenye meza wana muda na wewe. Mtu aliyekaanga kahawa mwenyewe anakusimulia imetoka shamba gani, imeoshwa au imekaushwa na tunda lake, kakaanga lini. Jumamosi mtu huyohuyo unamkuta sauti imemkauka anajaza tu vikombe vidogo na kusema "karibu karibu" foleni isogee. Tahadhari moja, soma masharti vizuri, kuna matamasha siku hiyo wanadai uoneshe kwamba unafanya kazi kwenye biashara ya kahawa, ukikosa unarudishwa getini.

BuniKavu
Samahani wakuu niliandika haraka. Nyumbani nina V60 (ile koni ya kuchujia) na AeroPress (ile bomba ya kusukuma kwa mkono), kahawa nanunua imeshasagwa dukani. Siendi peke yangu, naenda na wife.

mama_espreso
Imeshasagwa!! Ndugu yangu hapo tatizo lako sio tiketi.

FundiMeno
Hahaha nilikuwa naisubiri hiyo. Mleta uzi, chukua tiketi ya bei rahisi kuliko zote na hela inayobaki nunua grainda hapohapo tamashani. Buni zikishasagwa harufu inaondoka haraka sana, yaani ile kazi yote ya mkulima na mkaangaji unaiacha ndani ya pakiti.

nusu_kijiko
Kabla hujalipia VIP soma hii mpaka mwisho. Mimi nililipia tiketi ya aina hiyo, sitaji tamasha gani. Kwanza ile saa ya kuingia mapema. Tumeingia, nusu ya meza zina mashuka bado, wengine wanafungua maboksi, na wenye mashine za espreso ndio kwanza zinapata moto, barista anahangaika na grainda anatoa shoti anaonja anamwaga, anatoa nyingine anamwaga, halafu ya tatu anakupa wewe mgeni wa heshima na uso wake unakwambia kabisa kwamba hata yeye asingeinywa. Basi nikasema sawa, mimi nimefuata darasa. Darasa limeandikwa saa nne, saa nne na nusu mlango bado umefungwa tumesimama kwenye korido na vikadi vyetu shingoni. Tumeingia, meza moja ya kapingi, yaani ule uonjaji wa kitaalamu wa kunusa na kuonja kwa kijiko, na sisi wote tunaizunguka, waliokuja mbele wanaona vikombe sisi wa nyuma tunaona migongo. Mwenye kufundisha akamwaga maji, tukasubiri zile dakika nne ndio uvunje utando wa juu unuse, na hapo ndipo raha yote ya kapingi ilipo, ile harufu ya kwanza utando ukifunguka. Jirani yangu kajipulizia pafyumu ya kuzika mtu mzima. Sikunusa kahawa hata moja, nimenusa yeye mwanzo mwisho. Vijiko havikutosha, kikombe kinafika kwangu kimeshapoa. Na kumbe anayefundisha ni mtu wa mauzo wa kampuni moja, robo saa ya mwisho yote anatueleza kuhusu mashine yao. Nikawaandikia waandaaji barua pepe, nikajibiwa asante kwa maoni yako. Nje kule wenye tiketi ya kawaida walikuwa wanafanyiwa kapingi bure kwenye kibanda cha mkaangaji mmoja, watu sita sita, wametulia, kila mmoja na kijiko chake.

Kikombe_cha_Tatu
Pole ila hilo ni tamasha moja. Huwezi kuhukumu VIP zote.

nusu_kijiko
Sijahukumu VIP zote, nimeeleza yangu. Lipa wewe.

kapingi_mzee
Vijana, kapingi ya kweli ni gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji yenye nyuzi 93 hivi, na unaonja kahawa zaidi ya moja kwa mpigo ili ulinganishe. Ukipewa kikombe kimoja ukaambiwa ndio kapingi, umepigwa. Na unatema. Hapo ndio watu wa matamasha wanapokosea, wanameza kila kitu, wakifika kibanda cha kumi mkono unatetemeka na ulimi haujui tena limau na mkaa. Beba maji, kula kitu kizito kabla hujaingia, na pafyumu acheni nyumbani (nakuelewa sana nusu_kijiko).

ChunguTamu
Nalipa kiingilio halafu niteme? Hapana mzee wangu.

BuniKavu
Shukrani kwa michango. Nusu_kijiko umenitisha kweli. Kuhusu grainda naomba mnisaidie, ya mkono au ya umeme? Na kingine nilisahau kusema, wife ni mjamzito, miezi mitano. Anapenda kahawa kuliko hata mimi.

mama_espreso
Yaani wewe taarifa unazitoa kwa matone kama V60 yako. Hicho ndicho kitu cha kwanza ulitakiwa kusema! Sasa Ijumaa au Jumamosi sio swali tena, swali ni kukaa na kupumzika. Jumamosi kuanzia saa tano huwezi kupata hata ukingo wa kuegemea.

kapingi_mzee
Kwa wajawazito mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ile EFSA, ilisema mwaka 2015 kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku, na mtu mzima asiye mjamzito 400. Shoti moja ya espreso ni kama 60 mpaka 80 hivi. Kwa hiyo shoti mbili tatu keshazimaliza za siku nzima. Vile vikombe vidogo vya tamashani ndio vinadanganya, hakuna anayehesabu.

Kikombe_cha_Tatu
Si anywe dikafu tu, ile iliyoondolewa kafeini, zero kafeini.

kapingi_mzee
Dikafu sio zero. Inabaki kidogo. Kidogo sana, lakini ukisema zero unampotosha mtu. Na kwa mjamzito kafeini inakaa mwilini muda mrefu kuliko kwa mtu mwingine. Amuulize daktari wake, sisi humu ni wanywaji tu.

dada_filta
Nilienda nikiwa na mimba, enjoy tu jamani msimtishe. Nilichofanya ni kuonja na kutema kama alivyosema mzee, na kikombe kimoja kizima nikakinywa chote pale nilipokipenda kuliko vyote. Ila harufu ya kukaanga ilinishinda, kuna kibanda walikuwa wanakaanga palepale nikatoka mbio. Aangalie na aina ya buni, robusta kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika na espreso nyingi za mchanganyiko zinayo, aulize kabla hajapokea kikombe.

FundiMeno
Turudi kwenye grainda. Ya mkono. Kwa hela ileile ya mkono inakupa meno bora ya kusagia kwa sababu hulipii mota. Kwa V60 na AeroPress hutasaga zaidi ya gramu 15 mpaka 30 kwa mara moja, ni dakika moja ya kuzungusha. Kitu muhimu ni meno, usikubali ile ya kisu kama blenda, ile inakatakata tu, unapata vumbi na mapande pamoja, vumbi linaleta uchungu na mapande yanaleta ukali wa uchachu, kwenye kikombe kimoja.

mama_espreso
Simpingi Fundi kwenye meno ila amesahau wanakunywa wawili na mmoja karibuni atakuwa na mtoto mkononi. Nani atazungusha grainda saa kumi na moja alfajiri huku amebeba mtoto? Umeme. Unabonyeza, unaendelea na maisha.

FundiMeno
Na kelele ya ile ya umeme itamwamsha mtoto. Umemaliza?

mama_espreso
Mtoto anazoea.

dada_filta
Hazoei 😂 amini mimi.

ChunguTamu
Mimi nashauri asinunue chochote siku ya kwanza. Siku ya mwisho jioni wenye vibanda hawataki kurudi na mizigo, ndio bei zinaporomoka, hasa vifaa vya maonesho. Jumapili saa za mwisho. Na fainali za mashindano nyingi zinakuwa siku ya mwisho pia, kwa hiyo Jumapili unapata vyote.

nusu_kijiko
Kifaa cha maonesho kimesagishwa siku tatu na watu mia tofauti. Angalia kama mhimili haujalegea, shika mkono utikise, ukisikia unacheza rudisha. Na dai risiti yenye garantii, kwa sababu kibanda kesho kinang'olewa.

Kikombe_cha_Tatu
Mashindano ndio sababu ya kwenda. Mengine yote unaweza kuyafanya nyumbani. Kumwona barista wa kiwango cha World Barista Championship kwa dakika 15 anatoa espreso 4, za maziwa 4 na 4 za ubunifu wake, na anaongea muda wote bila kukwama, hiyo ni burudani kuliko mpira.

ChunguTamu
Burudani gani na wewe huonji? Unaangalia majaji wanakunywa. Wanaoshindana AeroPress angalau kuna makelele na utani. Ile ilianza Oslo mwaka 2008 na washindani 3 tu, na mpaka leo haijajifanya ya kifalme.

kapingi_mzee
World Barista ilianza Monte Carlo mwaka 2000, unategemea isiwe ya kifalme? Ila mkubali, bila mashindano hayo nusu ya hizi kahawa za kuchachushwa kwenye matangi msingezijua.

ChunguTamu
Na tungekuwa salama zaidi. Kahawa inanukia bigijii, hiyo si kahawa.

kapingi_mzee
Hapo umegusa pabaya. Fungua uzi mwingine.

BuniKavu
Wakuu naomba tusitoke nje ya mada. Mpaka sasa nimeelewa hivi, VIP hapana. Ijumaa ina utulivu, wife atapata pa kukaa. Jumapili ina bei nzuri za grainda na fainali. Sasa Ijumaa nipo kazini, labda niombe ruhusa. Nikichukua Ijumaa na Jumapili zote mbili inakuwa karibu sawa na VIP.

FundiMeno
Mwulize kwanza yeye anataka nini, maana uzi mzima tunampangia.

BuniKavu
Nimemuuliza. Anasema anataka ile ya mfuko.

Kikombe_cha_Tatu
😂😂😂 Shemeji oyee!

nusu_kijiko
Basi kalipe, ila uliza darasa ni la watu wangapi kwa meza na nani anafundisha. Wakikwepa swali jibu umeshalipata.

BuniKavu
Nimewaandikia, bado hawajajibu. Punguzo linaisha kesho usiku. Kwa sasa bado niko kati ya Jumapili na hiyo ya mfuko.

dada_filta
Ukinunua buni hapo angalia tarehe ya kukaangwa, kama ni ya juzi subiri wiki moja hivi kabla hujaifungua, hewa itoke. Hasa zile zilizokaangwa kidogo.

mpita_njia88
Samahani kwa kuingilia, naona wataalamu wa grainda mko wengi humu. Yangu ya umeme ina mafuta yameganda kwenye meno, kuna mtu kaniambia nisage mchele mkavu itasafika. Ni kweli?

FundiMeno
Usithubutu. Mchele mbichi ni mgumu kuliko buni zilizokaangwa, utachosha mota. Fungua meno, brashi kavu, basi.

mama_espreso
Mimi nasagia mchele miaka yote na mashine inadunda.

FundiMeno
Ndio maana nikasema ya mkono.