Essen, Lens au Blaenavon: ni wapi penye funzo kwa viwanda vyetu vya mkonge?

Mwenyeji wa Ngamiani: Ndugu zangu, asalaam aleikum. Kikundi chetu kinaandaa pendekezo kuhusu kiwanda cha mkonge kilichoachwa upande wa Muheza, ambacho korona yake (mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, si ule ugonjwa) imebaki kuliwa na kutu. Tunalinganisha sehemu tatu za Ulaya zilizoishi kwa makaa ya mawe hadi migodi ikafungwa. Mgodi wa Zollverein mjini Essen, Ujerumani, ulifungwa mwaka 1986, ukaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na jengo la kuoshea makaa sasa ni makumbusho. Lens, Ufaransa, ilijengewa tawi la Louvre, jumba la makumbusho la Paris, mwaka 2012 katika uwanja wa mgodi wa zamani. Big Pit huko Blaenavon, Wales, ulifungwa mwaka 1980, ukapokea wageni kuanzia 1983. Tufuate upi?

Binti Pangani: Kaka, mimi nachagua Blaenavon. Mgeni huvalishwa kofia ngumu yenye taa, huacha juu kiberiti, saa na simu kwa hofu ya gesi, kisha hushushwa mita 90 chini ya ardhi akiongozwa na mchimbaji. Wazee waliokata mkonge, wakalisha korona na kuanika singa (nyuzi za mkonge) kwenye nyaya, bado tunao Muheza na Korogwe. Lens haitufai: vitu vya sanaa vyake vimetoka Paris, nasi hatuna Paris ya kutuazima.

Mzee wa Raskazone: Wanangu, kuhusu wazee nakubali, ila msichanganye kivutio na ajira. Bonde la Ruhr, iliko Essen, halikuinuliwa na makumbusho peke yake. Chuo kikuu cha Bochum kilianza kufundisha mwaka 1965, migodi mingi ikiwa imeshaanza kufungwa, na mgodi wa mwisho, huko Bottrop, ukaendelea hadi 2018. Hesabuni wenyewe miaka hiyo: mabadiliko hayo yalichukua zaidi ya miaka hamsini.

Binti Pangani: Ni kweli, mzee wangu. Hata hivyo makaa yao yamekwisha kazi, ilhali mkonge, licha ya kupigwa na kamba za nailoni, unalimwa hadi leo. Mgeni wetu anaweza kuonyeshwa korona inayozunguka na singa mbichi zikitoka, jambo ambalo Essen hawawezi tena.

Mwenyeji wa Ngamiani: Basi tutaanza na wazee. Shikamoo mzee, jumamosi tunakwenda Muheza kuwasikiliza, na suala la malipo yao tutaliweka ukurasa wa kwanza wa pendekezo.